Kila doa si uozo: tuchague matunda mbele ya kuyapakia



Mvua zikisha kuanza huku kwetu Lualaba, maembe yanajaa kila pembe ya Kolwezi. Yanajaa kwenye mabeseni ya mama wa soko, pembeni ya barabara ya Likasi, ndani ya mifuko juu ya kamyo zinazotoka pande za Mutshatsha na Lubudi. Muda huo huo bei inaanguka, na muda huo huo matunda yanaoza mingi. Ukiuliza, watu wanajibu: "Embe ni kitu ya kuoza, tutafanya je?"

Sisi maagronome tunaotembea na koperative hatukubali jibu hilo. Ni kweli tunda halikai milele. Lakini tunda kuoza mbele ya siku yake kwa sababu ya mikono yetu, tunda zima kutupwa kwa kudhaniwa limeoza, na tunda bovu kuuzwa kama zima, hayo matatu yanatoka kwa watu. Mwaka 2019 shirika la FAO lilitoa hesabu kwamba karibu asilimia 14 ya chakula cha dunia kinapotea njiani, toka mavuno mpaka mbele ya kufika dukani. Kwa matunda na mboga hasara inapita hapo. Kila mmoja wetu akumbuke mfuko wake wa mwisho alioufungua sokoni, atajua yeye yuko wapi kwenye hesabu hiyo.

Maoni yetu ni haya. Kila koperative inayouza matunda iandike kanuni moja ya kuchagua. Tunda lichaguliwe shambani mbele ya kupakiwa, si sokoni mbele ya mteja. Na tunda laini lililoota ukungu lisiuzwe, lisikatwe upande, lisiingie kwenye juisi. Tunajua sehemu hii ya mwisho itawaudhi wengine. Tutaifikia.

Makosa mawili, na yote yanatoa franka mfukoni

Kosa la kwanza ni kutupa kizuri. Tumeona watu wanatupa ndizi juu ya ganda limekuwa na madoa ya kahawia, na ndani ndizi iko tamu kuliko ya jana. Tumeona avoka zinarudishwa juu ya ganda ni jeusi, kumbe kuna aina ya avoka ambayo ikiiva lazima ganda liwe jeusi. Chungwa la kwetu linaweza kuwa kijani nje na kuiva kabisa ndani, kwa sababu kwenye nchi za joto ganda la chungwa halibadiliki rangi vizuri kama kwenye nchi za baridi. Mnunuzi wa kantini akirudisha kasha zima la machungwa kwa neno "hayajaiva", mumukatie moja aonje hapo hapo.

Kosa la pili ni kuuza kibaya. Hapo maneno tunayoyasikia ni haya: "Hii iko muzuri mama, ni kadoa tu." Pengine ni kweli. Pengine chini ya kadoa kuna funza, ama kuna ukungu uliosha kuingia ndani. Mteja akidanganywa mara moja anahama, na anapohama hasemi jina la muuzaji peke yake, anasema jina la koperative. Walimaji makumi wanalipa deni la kasha moja.

Njia ya kuepuka makosa yote mawili ni kujua kusoma tunda.

Pua, kiganja, kikonyo, kisu

Rangi peke yake inadanganya. Tunawaomba mtumie vitu vinne, na mvifuate kwa mpango huu.

Anza na pua. Tunda lililoiva linanukia utamu wake. Likinuka pombe, chachu imeanza kula sukari. Likinuka siki, kazi hiyo imesonga mbele zaidi. Likinuka udongo wa unyevu ama nguo iliyofungiwa ikiwa na maji, hiyo ni harufu ya ukungu, hata kama jicho halijauona.

Kiisha tumia kiganja, si ncha ya kidole. Lishike tunda lote na ulibane kidogo. Tunda lililoiva linalegea sawasawa pande zote. Tunda linalooza linalegea pahali pamoja tu, na pale panabonyea na hapanyanyuki tena. Ncha ya kidole inaumiza. Mteja kumi wakibonyeza avoka moja kwa kidole gumba, avoka hiyo itaoza kwa sababu yao.

Kiisha angalia kikonyo, pahali tunda lilishikana na mti. Uozo mingi unaingilia pale. Pakiwa pakavu na pazima, ni alama nzuri. Pakiwa na duara jeusi lenye unyevu, lweka pembeni.

Kisu ni cha mwisho. Kwa kila kasha, toa tunda moja ambalo una mashaka nalo, ulipasue. Ni bora koperative ipoteze tunda moja shambani kuliko kupoteza kasha zima mjini.

Tunda moja moja

Embe. Madoa meusi madogo, makavu, yaliyo juu ya ganda tu, hayaharibu nyama. Hiyo ni alama ya ugonjwa wa ukungu unaopenda mvua wakati wa maua. Embe hiyo iuzwe haraka, kwa sababu madoa yatakua kadiri inavyozidi kuiva. Lakini doa likizama, likiwa laini, ama weusi ukianzia kwenye kikonyo na kushuka, embe hiyo haifiki sokoni.

Avoka. Ondoa kikonyo kidogo kilichobaki juu. Chini yake pakiwa kijani ama manjano, ndani ni pazima. Pakiwa kahawia, ndani pamesha kuharibika. Fanya hivyo kwa avoka moja ya majaribio tu, kwa sababu ile tundu uliyoifungua ni mlango wa uozo.

Ndizi. Ganda la madoa si uozo. Hata ganda jeusi la ndizi iliyokaa kwenye frigo si uozo: ndizi inaumia na baridi ikishuka chini ya digri 13, ganda linakuwa jeusi na nyama inabaki. Tupa ndizi inayotoa maji, yenye ukungu mweupe kwenye shina la kichane, ama inayonuka pombe.

Papai. Vidoa vidogo vya juu vinamenywa na ganda. Doa la duara lililozama, lenye unga mweupe ama wa pinki, linashuka ndani kuliko unavyofikiri.

Nanasi. Nusa chini, si juu. Chini pakinuka siki, ama macho yake yakitoa maji ya kahawia, basi. Na mujue: nanasi ikisha kukatwa haiongezi utamu. Ukiivuna mbichi kwa kukimbilia bei, itabadilika rangi, italegea, itaoza, lakini haitakuwa tamu.

Chungwa na ndimu. Ukungu wa kijani ama wa bluu unatoa unga mwepesi kama vumbi. Ukiutikisa ndani ya kasha umeupanda kwenye matunda yote. Ondoa tunda hilo polepole, lifunge ndani ya sashe, kiisha kasha lioshwe na kukaushwa juani mbele ya kutumika tena.

Pasteki. Likipasuka na kutoa povu, ama likinuka siki, usilijaribu kwa mdomo. Tupa.

Masuku na matunda mengine ya pori. Yanaokotwa chini, kwa hiyo yanafika mjini yakiwa tayari yameiva sana. Yapangwe siku hiyo hiyo, na yaliyopasuka yasichanganywe na mazima. Mama anayeyauza hana siku tatu, ana moja ama mbili.

Funza hakuzaliwa na embe

Wazee wengi wanasema funza wanajizaa wenyewe ndani ya embe tamu. Hapana. Wanatoka kwa nzi wa matunda. Nzi mmoja mbaya kuliko wote alitoka Asia, akaonekana mara ya kwanza Afrika kwenye nchi ya Kenya mwaka 2003, na kwa miaka michache tu akaenea bara hili, Kongo pia. Nzi jike anatoboa ganda na kuweka mayai chini yake. Alama yake ni tundu ndogo kama ncha ya sindano, pengine na tone la utomvu lililokauka. Siku chache kiisha, nyama inalainika pale, na tunda linaanguka mbele ya wakati.

Kwa hiyo embe lenye tundu hilo lisiingie kwenye kasha, hata kama bado ni gumu. Na maembe yaliyoanguka yasiachwe chini ya mti. Funza wanatoka ndani yake, wanaingia udongoni, wanageuka nzi, na wanarudi kwenye mti ule ule. Okoteni mara mbili ama tatu kwa juma. Zikeni kwenye shimo la nusu metre, ama mfunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uliowekwa juani mpaka funza wafe. Msiyatupe mabichi kwenye shimo la mbolea, hapo mtawafuga. Mlimaji mmoja akifanya na jirani yake asifanye, kazi ni bure. Kwa hiyo ni kazi ya koperative nzima.

Juu ya kukata upande uliooza

Hapa njo tunatofautiana na wengi. Desturi iko hivi: tunda limeoza upande, unakata pale, unaobaki unakula, unauza nusu bei, ama unatia kwenye juisi. Watu wanasema: "Tulikula hivyo toka utoto, hakuna aliyekufa."

Tutofautishe. Tunda gumu lililogongwa, bila ukungu, bila harufu, unaweza kukata pale palipogongwa na kula yanayobaki siku hiyo. Hilo ni jeraha. Lakini tunda laini, lenye maji mengi, likisha kuota ukungu, ule unaouona juu ni majani tu. Mizizi yake, nyuzi nyembamba sana, imeshuka ndani ambako jicho halioni. Na kuna ukungu unaotoa sumu. Mfano unaojulikana sana ni ukungu wa bluu wa mapome, haya mapome tunayonunua mjini kutoka nje. Sumu yake inaitwa patulini. Kanuni za kimataifa za chakula zimeweka mpaka wake kwenye juisi ya mapome: mikrogramu 50 kwa kilo moja, yaani kidogo sana. Kupasha moto hakuiondoi yote. Watu wa viwanda vikubwa, wenye mashine na laboratware, wanaanza na kazi moja: kutoa mapome yaliyooza mbele ya kukamua. Sisi wenye kisu na beseni tutasemaje kwamba tunda lililooza ni la juisi?

Na juisi ina ubaya wake zaidi. Mtu anayekula embe analiona. Mtoto wa shule anayenunua juisi kwenye chupa haoni kitu. Sukari inaficha harufu. Yule anayeamua kutia tunda la ukungu kwenye juisi ameamua kwa ajili ya mtoto asiyeweza kuchagua.

Neno "hakuna aliyekufa" pia halitoshi. Kuharisha siku mbili ni siku mbili bila kazi, ni franka za dawa, na kwa mtoto mdogo inaweza kuwa hatari kabisa.

Yale ambayo jicho halioni

Kuna tunda ambalo halijaoza na bado si zuri. Mambo matatu yanatuhusu huku.

La kwanza ni karbire. Mji wetu ni mji wa vyuma, karbire ya wachomelea vyuma inapatikana kirahisi, na kuna wanaoiweka kati ya maembe ama ndizi ili ziive haraka. Ikikutana na unyevu inatoa gazi inayodanganya tunda. Ganda linakuwa manjano pande zote, ndani pamebaki pagumu na pachungu, na harufu hakuna. Tena karbire hiyo inabeba mabaki ya arseniki na fosfori. Nchi nyingi zimeikataza kwa matunda. Hatuihitaji. Funga maembe yaliyokomaa ndani ya kasha pamoja na ndizi mbivu chache, gazi ya ndizi yenyewe itafanya kazi hiyo.

La pili ni vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na KU Leuven ya Ubelgiji walitoa utafiti juu ya mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ambako watu walikuwa wanachimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi kwenye vumbi la manyumba na kwenye mkojo wa wakaaji, watoto pia. Kamyo za madini zinapita kila siku mbele ya meza za matunda. Funikeni matunda njiani na sokoni kwa kitambaa safi ama bashi, na mteja aambiwe aoshe mbele ya kula.

La tatu ni maji. Kuosha tunda kwa maji ya mtaro ni kulichafua. Kipindupindu kinarudi mara na mara kwenye Katanga hii ya zamani, na kipande cha pasteki kilichokatwa na kunyunyiziwa maji machafu ili king'ae ni njia nzuri sana kwake. Maji safi, ama hakuna kuosha. Na msioshe matunda yanayokwenda safari ndefu kama hamna pahali pa kuyakausha, kwa sababu unyevu ndani ya mfuko unaita ukungu.

Mbona yanaoza njiani?

Tuseme kwa kifupi, kwa sababu tulishayaandika kwenye mafundisho mengine. Tunda linapumua, na likipumua linatoa joto. Ndani ya mfuko uliojazwa na kufungwa, joto halina pa kutokea. Yale ya chini yanabeba uzito wa yale ya juu, na mtu wa kamyo anakaa juu ya yote. Makasha ya mbao ama ya plastiki yana bei, lakini yanarudi na kutumika tena miaka.

Vuneni asubuhi, matunda yakae kivulini, kikonyo kiachwe kifupi bila kung'olewa. Msichanganye mabivu na mabichi: embe, ndizi, avoka, papai na pera vinatoa gazi ya kuivisha, na kimoja kibivu kinasukuma vyote vilivyo karibu.

"Kuchagua ni hasara"

Tunasikia pingamizi hili kila mara, na si la kijinga. Mama aliyekopa franka za kununua mabeseni matano akisha kutoa beseni moja pembeni, nani atamulipia? Mvunaji anayelipwa kwa mfuko, kwa nini apunguze mfuko wake?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kasha lina maembe 100, na 6 yana uozo. Ukiyatoa shambani umebaki na 94 ya kuuza. Ukiyaacha, ukasafiri siku mbili kwenye joto, maji ya yale 6 yanamwagikia mengine, na unafungua kasha sokoni lenye 25 mabovu. Umelipa usafiri wa maembe 25 ya kutupa, na mteja ameona. Hesabu ya kweli ya kwenu iandikwe kwenye daftari la koperative: mangapi yaliondoka, mangapi yalifika mazima. Kwa misimu miwili hamtakuwa na haja ya sisi kuwashawishi.

Lakini hasara ya kuchagua isibebwe na mtu mmoja. Hapo njo kazi ya koperative. Tunapendekeza mafungu matatu. Fungu la kwanza, mazima na magumu, linakwenda mbali kwa bei nzuri. Fungu la pili, mabivu sana ama yenye madoa makavu, bila ukungu na bila harufu, linauzwa siku hiyo hiyo karibu, ama linakaushwa, ama linapikwa konfitire. Fungu la tatu, yenye ukungu, funza ama harufu, linazikwa. Nguruwe na mbuzi wapewe mabaki ya fungu la pili, si ya tatu, kwa sababu ukungu unaumiza mnyama pia. Na fungu la pili lilipwe. Mvunaji akijua kwamba embe la madoa lina bei yake, hatakuwa na sababu ya kulificha chini ya mfuko.

Koperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA ya mwaka 2010, na inatoa nafasi ya kuwa na kanuni za ndani. Mara nyingi kanuni hizo zinasema juu ya michango na mikutano, na juu ya tunda lenyewe hazisemi kitu. Kwenye mkutano mkuu unaokuja, ombeni maneno machache yaongezwe: nani anachagua, analipwa namna gani, fungu la tatu linazikwa wapi, na anayetia tunda la ukungu ama karbire ndani ya kasha la koperative anafanywa nini. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, ubandikwe pahali pa kupimia.

Muufanye mbele ya maembe ya mwaka huu kuanza kuanguka.